Fundi wa Nyakato aliyeupata mlio wa Hadtopu yangu

Wadau wa Mwanza wenye hizi Land Cruiser za zamani, nimehangaika miezi minne na mlio na sitaki mwingine atupe hela kama mimi. Gari ni Hadtopu HZJ75 ya 1994, injini 1HZ, ile dizeli ya 4.2 isiyo na tabo, nabebea mpunga toka Magu. Mlio ulikua kama wa ndege, kwi kwi kwi kwi, huko chini mbele, unasikika mwendo mdogo tu, ukifika 50 injini inaumeza. Na haukua wa kila siku. Wiki nzima kimya, afu siku moja unalia toka Kisesa mpaka nyumbani, ukimpelekea fundi haulii ng'o.

Gereji ya kwanza wakabadilisha beringi za magurudumu ya mbele. Ya pili wakaniwekea shokapu na bushi za springi. Zaidi ya laki sita imeenda na hakuna hata mmoja aliyepanda gari akaendesha akasikiliza, hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Ndo shemeji akanielekeza kwa mzee mmoja Nyakato, hana kibao wala nini, yupo chini ya mwembe nyuma ya maduka ya spea. Hakushika spana kwanza. Akaniuliza, ng'wanawane, ukikanyaga klachi ukaiacha gari iserereke, mlio unakata au unabaki? Nikasema unabaki. Akasema basi injini tuiache, hicho kitu kinafuata magurudumu. Akauliza tena, siku unapolia unakua umetoka wapi? Nikajibu Magu, majarubani. Akasema, hab za mbele (zile loki za katikati ya magurudumu) ukirudi unazifungua?

Nikabaki namuangalia. Kwasababu ni kweli, nikiingia kwenye ule udongo mweusi wa mbuga nashuka naloki hab, nikirudi lami natoa foo wili kwa liva ya ndani tu, hab naweza kuzisahau siku tatu. Sasa akanielewesha: hab zikiwa wazi propela ya mbele (ule mhimili mrefu wa chini unaotoka gia boksi kwenda difu) imelala haizunguki, ukiziloki magurudumu yanaizungusha hata kama liva iko tu-wili. Beringi za magurudumu zenyewe zinazunguka siku zote, zingekua ndo shida ungelia kila siku. Yaani ule mlio "wa kuja na kuondoka" nilikua nauwasha mwenyewe kwa mkono.

Tukaloki hab, tukatembea taratibu kandokando ya ukuta vioo vikiwa wazi ili sauti iturudie, ukalia. Afu kilichonifurahisha zaidi, akachora chaki kwenye tairi, vijana wakasukuma gari na yeye anahesabu. Tairi ikizunguka mara moja, mlio kama mara nne. Difu (gia za katikati ya ekseli) ya hizi gari ina uwiano wa kama nne kwa moja, kwahiyo kinacholia kinazunguka na propela, sio na tairi. Akaingia chini, krosi (kiungo cha mwisho wa propela) ya upande wa difu ina vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe, akapiga grisi ikatoka pande tatu, wa nne hautoi kitu. Maji ya majaruba yalishaosha grisi na mi sikuwahi kupiga nyingine. Krosi ya upande wa gia boksi ilitoa grisi safi pande zote nne, akaniambia hii nzima usitupe hela yako. Mwingine angeniuzia zote mbili!

Kabla ya kushusha propela akaweka alama kwa tindo ili irudi ilivyokua, maana ukiikosea meno gari itatetemeka. Krosi mpya 45,000, ufundi 30,000, saa mbili tumemaliza. Ni mwezi wa pili huu, Magu nimeenda mara tano hab zikiwa zimelokiwa, kimya kabisa.

Mapungufu yapo. Mvua ikinyesha kazi inasimama kwasababu hakuna paa, risiti hatoi, na spea unaenda kununua mwenyewe kwahiyo uwe na anayejua kutofautisha feki. Nenda mapema kabla ya saa 3 asubuhi, ikishafika saa 5 kuna foleni na mzee haachi gari ya mtu katikati kwa ajili yako.