Atelie ya tondezi (mashini ya kukata majani) mu komini Kenya, Lubumbashi: banatafutaka kwanza kipande ni cha nini, bei inakuya nyuma

Kama uko hapa Lubumbashi na tondezi ya kukalia, ile batu banaitaka katrakta ka majani, na kipande kimevunjika hata hujui kilitoka wapi, nenda mu komini Kenya, kuko atelie moja banatengenezaka tondezi na magrupu, ni kusema mashini za kutosha umeme. Haina kibao, ni parseli tu yenye kujaa magrupu yenye batu banaleta kutengenezesha, lakini ukiulizia fundi wa tondezi batu ba pale banakuonyesha. Naipatia nyota ine juu ya tano na nitaeleza ile moja ilienda wapi.

Sisi tunachungaka kiwanja cha masomo, kikubwa, na munajua vile majani inaotaka huku mvua ikishaanza mwezi wa kumi na moja, ukiruka juma moja tu batoto banapotezea mupira ndani. Tondezi yetu ilitoka Ulaya okazyo, plaki yake chini ya kiti imefutika kabisa. Sasa kijana mwenye kuiendeshaka aliokota nyuma yake kipande cha chuma cheupe, kama boksi ya kiberiti kwa ukubwa, na nusu tundu pembeni. Mashini ilikuwa ingali inatembea lakini inatetemeka mpaka mu usukani na inaacha mustari wa majani katikati bila kukata. Tulionyesha kile kipande huku na huku, mumoja akasema ni cha motere, mwingine akasema ni cha bwate (sanduku ya gia), na kuko fasi moja mu muji banataka kutuuzisha karteri nzima, ile bati kubwa ya chini yenye kufunika visu, na visu vyote bila hata kuinama kuangalia. Ile iliniumiza sana, juu ni feza ya bazazi ba batoto.

Pale Kenya fundi aliniambia, "Mama, tuache bei kwanza, tujue hii ni nini." Akakisafisha na esanse, akaweka sumaku, haikushika. Kwa hiyo ni aliminyu, lakini hapo haikuishia, juu motere ndogo nazo ziko za aliminyu. Akaangalia ile nusu tundu, meno ya visi (parafujo) ndani yake iko ya kukwaruza-kwaruza, akanielezea kama ile ni alama ya visi yenye kujikatia njia yenyewe, na visi ya namna ile mara mingi inafungaka kintu ku bati, mu motere tundu zinakuyaka na meno safi ya fabrike. Akageuza, upande mumoja uko laini kabisa na umeshika rangi ya karteri, upande mwingine umejaa maji ya majani yenye kukauka. Akasema kilikuwa kimefinywa ku bati ya karteri, kwa chini, karibu na kisu. Yote ile mbele hajagusa mashini!

Ndipo akatosha waya ya buji, ile yenye kuwashaka motere, na pale naomba mwenye kusoma asikie muzuri, usiingize mukono chini ya tondezi na buji ingali na waya, hata kama motere imezimika, juu ukizungusha kisu motere inaweza kuzunguka nayo. Akainua mashini, akatikisa visu na mukono. Kimoja kimekaza, kingine kinacheza. Na juu ya kile chenye kucheza, palie, ni kusema ile nyumba ya aliminyu yenye kushika shafti na rulema (beringi) za kisu, sikio moja ya kufungia haiko. Akapachika kipande chetu pale, kikaingia sawasawa.

Kitu nilipenda zaidi ni vile alisoma ule muvunjiko. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, ingine inangaa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, uchafu ulishaingia, ile ya kungaa ndiyo ilikatika siku ile. Kwa hiyo palie ilikuwa inapasuka polepole na akauliza kama hatukugongaka kichuguu. Shi tuligonga, nani mu Lubumbashi hajagonga kichuguu, vile vidogo vinajificha mu majani na ni vigumu kama matofali. Kisu kilipinda kidogo, kikakosa uzito sawa, kikawa kinatikisa palie kila kikizunguka. Akakitundika ku musumari kwa tundu ya katikati, upande mumoja ukashuka. Kama tungelibadilisha palie tu na kurudisha kile kisu, mupya nayo ingelipasuka.

Nilimuomba asude, ni kusema achomelee palie, ili tupunguze garama, akakataa. Aliminyu ikipata moto inapinda, na ndani rulema mbili zinapashwa kukaa mustari mumoja. Na ile kisu haiko ya kuchezea: kanuni ya Marekani inaruhusu ncha ya kisu cha tondezi ifike futi 19,000 kwa dakika, ni karibu metre 97 kwa segonde, kama kilomita 350 kwa saa. Kikichomoka na batoto bako pale? Nilinyamaza.

Sasa bila plaki utajua namna gani palie gani? Motere yetu ni Briggs & Stratton na batu wengi banatafutaka piesi kwa lile jina, lakini ile ni jina ya motere tu, inafungwaka ku tondezi za marke mingi. Yeye aliangalia tundu ya kisu, iko nyota ya ncha tano, akapima na piakulisi (kipimo cha milimetre) urefu wa shafti na fasi ya visi, akasema ni familia ya Husqvarna, juu bale walikuwa na fabrike ku Orangeburg kule South Carolina yenye kutosha tondezi za majina tofauti, Husqvarna, Craftsman, Poulan Pro, na piesi mingi zinafanana. Rulema ni 6203, milimetre 17 ndani, 40 inje, 12 unene, hizo mu muji ziko tele juu zinatumikaka mu bintu mingi. Palie yenyewe ilitoka Afrika ya Kusini, ikapitia Kasumbalesa ku mupaka ya Zambia, ikafungwa bila kupiga nyundo.

Ile nyota moja. Kungojea kulikuwa kurefu, majani ikapanda, na telefone hashikake, ukitaka habari unafika mwenyewe. Feza ya mbele banaomba bila karatasi, mpaka uombe resi ndiyo banaandika, basi omba. Na foto ya WhatsApp anakataa, anasema foto haionyeshe ukubwa wala uzito, na mi naona ana haki.

Ukienda, peleka kipande bila kukiosha, juu ile rangi na ule uchafu ndio vilimusaidia, peleka na kisu kama unaweza kukifungua, na foto ya plaki kama ingali inasomeka. Kupima analipisha kidogo na anakutoshea ku bei ukitengenezea kwake. Siku ya Mungu banafunga.