RAV4 yenye usukani unaolia: uzoefu wangu na fundi wa Katuba, Lubumbashi

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anaulizia kwanza. Kulisikiliza gari tu, bila kubadilisha kitu: dola 10. Mpira mpya wa kupitishia mafuta ya usukani, kolye mbili (zile pete za chuma za kukazia mpira), mafuta na kazi yenyewe: dola 35. Garaji moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeniandikia dola 180 kwa pampu ya usukani ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika, kutoka Japani, kazi kando.

Gari ni Toyota RAV4 ya 2003, usukani kulia, kama magari mengi yanayotufikia Lubumbashi kwa kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa. Ni ya kizazi ambacho usukani bado unasaidiwa na mafuta: mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye sanduku la usukani. RAV4 zilizofuata, zile zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2005, zina mota ya umeme badala ya pampu. Mwenye nayo haya hayamhusu.

Kelele ilianza Juni. Wasiokaa huku hudhani Kongo yote ni joto, lakini mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai hatutoki bila koti. Nikiwasha gari alfajiri linatoa mlio mwembamba wa kuvutavuta. Nikikanyaga mafuta unapanda. Nikikata usukani kutoka getini unageuka kilio kabisa, majirani wa Bel-Air wanajua natoka. Nikishatembea kidogo na injini ikapata moto, unapungua, ila hauishi.

Kule mjini kijana alifungua boneti, akasikiliza muda wa kumeza mate, akasema: "Mama, pompi imekufa, tutaweka ingine." Kopo la mafuta ya usukani hakulifungua. Nikamuuliza kama mafuta yanavuja, akachungulia chini, akasema pakavu, basi ni pompi tu. Nilifunga boneti mwenyewe nikaondoka.

Shemeji yangu, anayeendesha teksi, ndiye aliyenielekeza kwa huyu wa Katuba. Si garaji ya ukuta na lango, ni kiwanja chenye mwembe, magari manne matano na vijana wanaojifunza kazi. Sharti lake la kwanza lilinikera: gari lilale pale, alisikie likiwa baridi. "Mama, ukiniletea saa sita limeshapata moto, litanificha maneno." Nikaacha, asubuhi nikarudi kabla ya saa moja ili nione kwa macho yangu.

Aliliwasha, akachukua chupa ya maji akaurushia mkanda. Mlio haukubadilika hata kidogo. Mkanda uliolegea au kuchakaa, alisema, ukilowa maji kelele yake inabadilika palepale, na sauti yake ni kali ya kupiga mluzi, siyo hii ya kuvuta. Kisha akaleta bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye alteneta, kwenye puli ya kukaza mkanda, mwisho kwenye pampu. Akanipa nami nisikie, akinionya niweke kitambaa cha kichwa mbali na mkanda. Kwenye alteneta nilisikia mvumo laini tu. Kwenye pampu sauti iliniingia hadi nikarudisha kichwa nyuma.

Nikasema, basi yule kijana alikuwa na haki. Akacheka. "Pompi inalia, ndiyo. Sasa tutafute inalilia nini."

Alifungua kopo. Mafuta yaliyotakiwa kuwa mekundu na yenye kung'aa yalikuwa yamepauka, povu juu kama bia ya Simba iliyomiminwa haraka. Hewa. Na hapa ndipo fundi huyu alipostahili zile dola 10, kwa sababu alinieleza jambo ambalo hakuna mtu aliwahi kuniambia: mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu ni wa kunyonya. Bomba linalotoka kwenye pampu lina msukumo mkubwa, likipasuka utaona mafuta chini. Huu wa kunyonya ukiwa na ufa, mara nyingi mafuta hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo maana chini kulikuwa pakavu. Pampu inabana mapovu badala ya mafuta, na kelele inatoka humo. Asubuhi ya baridi mafuta ni mazito, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, na mpira mkongwe umekakamaa kwa hiyo haushiki vizuri. Juni yangu ikapata maelezo.

Hakutaka nimwamini kwa maneno. Alifuta ile sehemu mpira unapoungana na pampu, akapaka grisi nzito pande zote kwa kidole, akawasha tena. Mlio ukashuka pale pale. Haukwisha, ila ulishuka kiasi kwamba hata yule kijana mdogo aliyekuwa anaosha vifaa aligeuka. Alipouchomoa mpira akaukunja mbele yangu, nyufa zikafunguka, na badala ya kolye palikuwa na waya uliosokotwa. Nani aliufunga, Mungu anajua. Gari limepita mikononi mwa wengi.

Mpira mpya ulichukua muda. Kijana aliyetumwa sokoni alirudi na mpira wa maji ya rejeta, fundi akaurudisha: ule ukikaa na mafuta unavimba na kuoza. Alisafisha pia kopo kwa petroli na kuliangalia kwenye mwanga, kwa sababu kwenye magari mengi chini ya kopo kuna wavu mwembamba, na ukiziba pampu inakosa mafuta na kulia vilevile. Wa kwangu ulikuwa safi. Mafuta aliyoweka ni ya aina ya Dexron III, kama kifuniko cha kopo chenyewe kinavyoagiza. Mwenye Honda asiige, wao wana mafuta yao. Na kuna watu huongezea mafuta ya breki pakikosekana kingine. Yanakula sili za mpira, na hapo sasa ndipo pampu inakufa kweli.

Kutoa hewa alinipa mimi kazi: magurudumu ya mbele juu ya jeki, injini imezimwa, nikazungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tena na tena, yeye akiongeza mafuta mapovu yalivyokuwa yanapanda. Ndipo tukawasha na kurudia. Kila nikifika mwisho anapaza sauti: "Achia, mama!" Kuubana usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache kunaipa pampu shinikizo lote iliyo nalo.

Siku hiyo mlio mdogo ulibaki, asubuhi iliyofuata haukuwepo. Baridi ya Julai imepita na gari linatoka getini kimya. Nikikata usukani hadi mwisho kabisa nasikia mchirizo wa sauti, na huo ni wa kawaida: ni vali inayopunguza shinikizo. Ile pampu ya dola 180 ingefungwa kwenye mpira uleule wenye waya, nayo ingelia.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu hana geji ya kupima shinikizo la pampu. Kwangu haikuhitajika, ila kama kelele isingeisha, asingekuwa na njia ya kujua kwa hakika kama mbovu ni pampu au sanduku la usukani, na tungerudi kwenye kubahatisha. Vipuri hana, unangoja vitoke sokoni. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari mchana kutwa. Risiti aliniandikia kwenye kipande cha katoni, kwa hiyo anayerudishiwa pesa na kampuni atafute pengine. Kuhusu gari kulala nje: kuna mzee anayelinda kiwanja usiku. Hajaniomba kitu, nilimpa ya kahawa, na asubuhi nilikuta amefuta hata vioo.