Uzoefu wangu na Cboard: siku mwanangu alipotoa shikamoo

Mwanangu wa kike ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa tunachosema, lakini ulimi na midomo havimtii. Sauti inatoka, maneno hayatoki. Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu sasa anaongea kwa Cboard, programu ya bure ya simu na vishikwambi vya Android, ambayo hufunguka pia kwenye kompyuta. Mtoto anagusa picha, kifaa kinatamka. Ni mradi uliowahi kufadhiliwa na UNICEF. Sikutaka kuandika mapema, maana wiki za mwanzo nilikuwa nimeshakata tamaa.

Kilichotusumbua kwanza ni Kiswahili chenyewe. Vibao vya picha vya aina hii vimezaliwa kwenye lugha ambazo kila neno husimama peke yake. Ukipanga "mimi", "taka", "maji", utasikia "mimi taka maji". Bibi yake aliposikia akaniuliza, "Mama, huyu mtoto Kiswahili anakijua, mbona mnamharibia?" Alisema kweli. Kwetu sisi, nani anatenda na lini anatenda vyote vimo ndani ya kitenzi.

Suluhisho nililipata kwenye sehemu ya kuhariri. Kila kibao kina jina linaloonekana, na kando yake unaweza kuandika maneno tofauti yatakayotamkwa. Basi nikafuta na kuanza upya na vibao tisa tu: nataka, sitaki, nipe, nisaidie, twende, bado, tena, naumwa, shikamoo. Picha ya kikombe, niliyoongeza baadaye, imeandikwa "maji", lakini ukiigusa inasema "naomba maji ya kunywa". Mzazi yeyote anayeanza, namwomba aifanye kazi hii kabla ya kumpa mtoto kifaa.

Hicho cha shikamoo nilikiweka kwa uchungu. Mtoto asiyeamkia wakubwa kwetu huonekana hana adabu, na asiyeweza kuamkia hupitwa tu kama hayupo. Wageni walikuwa wananiuliza mimi, "Hajambo huyu?" naye amekaa hapo hapo anawatazama. Siku alipogusa, mzee jirani yetu alishtuka, akainama mpaka usawa wa kiti chake, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Umeshindaje?" Alimuuliza yeye. Nilikwenda jikoni nikalia.

Sauti ya Kiswahili iliyomo kwenye simu inaeleweka vizuri, ila ni ya mtu mzima. Kwa bahati kibao kinaweza kurekodiwa, kwa hiyo binamu yake wa miaka minane alitusaidia kurekodi vile mwanangu anavyovitumia zaidi. Vidole vya mwanangu hukakamaa na kugusa picha mbili kwa pamoja, hivyo fundi alitukatia plastiki ngumu yenye matundu tisa, tukaifunga juu ya kioo. Juani kioo hakionekani kabisa. Tukienda ufukweni tunabeba karatasi, kwani vibao vinaweza kutolewa kama PDF na kuchapishwa.

Ila hayo yote ni bure kama watu wazima hawaongei kwa kifaa. Mtaalamu wa tiba ya usemi aliniambia niache kumwambia mtoto "gusa, gusa". Niguse mimi. Mtoto mchanga husikia maneno karibu mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza, na huyu pia anahitaji kuwaona watu wakiongea kwa lugha yake. Nikawa nasema "twende" nikigusa twende, "nipe sahani" nikigusa nipe. Wiki sita hakugusa lolote la maana. Kisha jioni moja nikawa naondoa sahani yake ya wali, kifaa kikasema, "Bado."

Kuna waliotushauri tuondoe "sitaki" kwa sababu aliigusa mno. Nilikataa. Miaka saba mtoto analishwa, anavishwa, ananyooshwa viungo bila kuulizwa. Akipata neno la kukataa lazima alitumie. Sasa amepunguza mwenyewe.

Wapo pia waliohofia kwamba atazembea kujifunza kuongea. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu suala hili. Katika visa 27 vyenye ushahidi madhubuti, hakuna hata mtu mmoja aliyepungukiwa na usemi, na karibu asilimia 89 waliongeza, japo kidogo kidogo. Wangu sasa hutoa "ma" pamoja na kibao cha maji. Hapo awali hakuwa nayo.

Shuleni ndiko tulikoumia. Kwa muhula mzima kishikwambi kilifungiwa kabatini "kisije kikavunjika", kikatolewa kwa nusu saa Ijumaa. Hawakuwa na nia mbaya, lakini walimfungia mdomo mtoto wangu. Nilienda mara tatu. Mara ya tatu nilibeba kifaa, nikamwomba mwalimu akae na mwanangu dakika kumi, nikatoka nje.

Niliporudi, mwalimu alikuwa ameshika kitabu cha hadithi kilichokwisha kusomwa. Mwanangu alikuwa akigusa "tena". Sasa kishikwambi kina mkanda na kinakaa mezani kwake siku nzima, na wiki iliyopita mwalimu alinitumia picha yake mwenyewe, akitaka awekewe kibao chake.