Miongozo ya Vuta N'kuvute: ya kununua na ya kuiacha dukani

Steshenari yoyote iliyo jirani na shule ya kidato cha tano na sita huwa na rundo la miongozo ya fasihi kwenye kaunta. Mingine imepigwa chapa vizuri, mingine ni kopi zilizobanwa kwa stepla, na ndugu zao wa PDF wanazunguka katika makundi ya WhatsApp. Tumeipima kwa riwaya moja tu, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Riwaya hii ina ukoloni, ndoa ya kulazimishwa, tofauti za rangi na harakati za siasa za Unguja, kwa hiyo kila mkabala wa uhakiki unapata cha kushika, na mwongozo uliotungwa na mtu asiyekisoma kitabu unaumbuka mapema.

Ile inayouzwa zaidi ni ya "fani na maudhui". Mpangilio wake kila mwanafunzi wa Tanzania anaujua kwa moyo: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, halafu dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Faida yake ni kwamba unalingana na maswali ya mtihani, na mtu mwenye wiki mbili tu za kujiandaa hatapotea njia. Tatizo lake ni kujifanya hauna nadharia. Swali lililo chini ya vichwa hivyo vyote ni "mwandishi yuko upande wa tabaka gani?", na hilo ni swali la Kimaksi lililokita mizizi katika uhakiki wa Kiswahili hapa nchini tangu enzi za Ujamaa. Si swali baya. Ila linapoulizwa kimyakimya, matokeo yake ni haya: Denge, mwanaharakati aliyesoma Urusi, anajaziwa kurasa kadhaa, na Mwajuma anapewa mistari mitatu kama "rafiki wa Yasmin", binti wa Kihindi aliye mhusika mkuu. Kumbe Mwajuma ndiye anayempokea Yasmin pale ndugu zake mwenyewe wanapomfungia mlango. Ukimwondoa, hadithi haiendi popote. Angalieni pia falsafa, msimamo na mtazamo: katika miongozo mingi ni sentensi moja iliyovalishwa mavazi matatu.

Sehemu ya matumizi ya lugha ndipo pesa ya mnunuzi inapopotea zaidi. Utakuta orodha: tashbiha, mfano mmoja, sitiari, mfano mmoja, tashihisi, mfano mmoja, basi. Mapema kabisa katika riwaya uso mdogo wa Yasmin unafananishwa na tungule, yaani nyanya. Mwongozo dhaifu unaandika "tashbiha" na kusonga mbele. Uhakiki wa kimaumbo, ule unaochunguza jinsi lugha ya kazi ilivyoundwa, ulioanzia kwa Warusi kina Viktor Shklovsky miaka ya 1910, ungesimama hapo na kuuliza kwa nini tungule. Ni kitu cha duara, chenye ngozi laini, rahisi kupondeka, na kinachopangwa mafungu sokoni ili mwenye pesa achague. Binti huyu wa miaka 15 ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Sasa tashbiha imefanya kazi, na msomaji wa Kifeministi ameshapata mlango wa kuingilia bila kubebeshwa nadharia kwa nguvu. Mwongozo unaoweza kufanya hivyo kwa tamathali tano unashinda wenye tamathali ishirini na tano zilizopangwa tu.

Kundi la tatu ni miongozo ya kisasa inayotangaza nadharia kwenye jalada. Wanaoanza chuo huipenda sana. Mingi inaanguka kwa kosa moja: Umaksi, Ufeministi, Uhalisia na Saikolojia Changanuzi vyote vinamwagwa katika sura moja, kila kimoja aya mbili, na hakuna kinachogusa maandishi. Mbaya zaidi ni ule unaojaribu kuipachika riwaya hii katika majukumu 31 ya mtafiti wa ngano Vladimir Propp, yaani matendo ya wahusika yanayojirudia hadithi hadi hadithi. Propp aliyachota majukumu hayo, mwaka 1928, katika ngano za kichawi za Kirusi. Yanafaa mtu anayechambua ngano za fasihi simulizi. Kumtafuta "mhusika msaidizi wa kichawi" katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, ni kumchosha mwanafunzi bure. Mwongozo mzuri wa aina hii huchagua nadharia moja, unaitaja mwanzoni, unaonyesha swali lake, kisha unaleta ushahidi wenye namba ya ukurasa. Na unakiri nadharia hiyo inaacha nini nje. Umaksi, kwa mfano, unaeleza vizuri kwa nini Inspekta Wright, polisi wa serikali ya kikoloni, anamwinda Denge, lakini hauna la kusema kuhusu aibu anayobebeshwa Yasmin na jamaa zake kwa kuvuka mpaka wa rangi.

Ile ya maswali na majibu ndiyo rahisi kwa bei, na tunaishauri iachwe. Majibu yake ni insha zilizokaririka. Swali likigeuka kidogo, kutoka "eleza nafasi ya mwanamke" hadi "mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, jadili", mwanafunzi anaandika insha ileile na kukosa alama za upande wa kupinga, ambazo mfano wa Mwajuma ungempatia bila jasho.

PDF za bure zina shida zake. Namba za kurasa haziendani na nakala iliyo mkononi mwa mwanafunzi, kwa hiyo rejea zote zinakuwa za uongo. Tangu filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hii itoke mwaka 2021, kuna nyingine zinazochanganya matukio ya filamu na ya kitabu. Kazi hizo ni mbili tofauti, na mtahini anasahihisha riwaya.

Ukiwa dukani, dakika tano zinatosha. Fungua ukurasa wa Mwajuma: kuna hoja au sifa tupu za "mkarimu, mcheshi"? Nenda kwenye tamathali, utafute neno "kwa sababu" au "hivyo" baada ya mfano. Likikosekana, ni orodha. Kisha chukua rejea mbili za kurasa ukazilinganishe na riwaya yenyewe, ambayo mara nyingi iko rafu hiyohiyo. Rejea zikipishana zote mbili, rudisha. Kwa mwanafunzi wa sekondari tunapendekeza mwongozo mmoja wa fani na maudhui wenye ushahidi wa kurasa, basi, baada ya kuisoma riwaya walau mara moja. Mwalimu anahitaji zaidi: kamusi moja ya istilahi za fasihi na kitabu kimoja cha nadharia kilichoandikwa kwa Kiswahili, hata kama vyote viwili vitagharimu sawa na rundo zima la kaunta.