Nakala ya sarafu ya Augustus: uso umekamilika, mgongo umeharibika

Nakala hii ya aureus, sarafu ya dhahabu ya Warumi, niliinunua kwa shilingi 40,000 katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, nikikusudia kuwasomeshea wanafunzi wangu wa historia. Muuzaji alinieleza bila ya kuficha kuwa ni shaba ya njano iliyotiwa maji ya dhahabu, na kwa ukweli huo namshukuru.

Upande wa uso umenipendeza kuliko nilivyotaraji. Augustus, mtawala wa kwanza wa dola ya Kirumi, ametazama kulia, kichwani ana shada la majani, na maandishi yaliyomzunguka yanasomeka herufi kwa herufi: anaitwa mwana wa aliyefanywa mungu, yaani Julius Caesar, na Baba wa Nchi, cheo alichopewa mwaka wa 2 kabla ya Miladi. Wanafunzi wangu, ambao walikwishasoma habari za dinari za Kifatimi, yaani sarafu za dhahabu za dola ya Kiislamu ya Wafatimi, zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zisizo na sura ya mtu bali maandishi matupu, waliniuliza papo hapo kwa nini mtawala huyu alitaka uso wake ufike katika kila mkono. Suali hilo peke yake limerejesha fedha yangu.

Kasoro iko mgongoni. Pale wamesimama Gaius na Lucius, wajukuu wa Augustus aliowafanya wanawe, na kati yao zipo ngao na mikuki. Juu ya ngao panatakiwa pawe na upawa wa kutekea mvinyo wa kafara na fimbo iliyopinda ya kuhani mtazama ndege, anayebashiri kwa mwendo wa ndege, lakini katika nakala hii vyote viwili vimekuwa bonge moja. Silihesabu kuwa jambo dogo, kwa sababu vyombo hivyo ndivyo vinavyoonesha kuwa vijana hao walitayarishwa kwa ukuhani pamoja na vita, ili watu wazowee mapema kuwaona kuwa warithi. Lucius alifariki mwaka wa 2 Miladia, Gaius mwaka wa 4, na mwaka wa 14 utawala ukamwangukia Tiberius, mwanawe wa kambo Augustus.

Uzito nao ni mdogo: sarafu ya asili ilikaribia gramu 8, na hii, kwenye mizani ya sonara, haikufika 4.

Kwa kidani inafaa. Anayeitaka kwa darasa aukague mgongo kwa kioo cha kukuzia kabla ya kulipa.