IST au Harrier kwa foleni za Dar?
Jirani yangu wa Sinza kauza Toyota IST, gari dogo, kachukua Toyota Harrier, kubwa zaidi, na tangu siku hiyo geti halifungi vizuri. IST ya kwanza, iliyotoka 2002, ina urefu wa mita 3.86 hivi na upana usiofika mita 1.7, uzito kama tani moja. Harrier ya toleo la pili ina urefu wa karibu mita 4.7, upana wa 1.85, na inapita tani moja na nusu. Hizo sentimita 15 za upana si kitu Barabara ya Bagamoyo, ila Kariakoo, kati ya mkokoteni na bajaji, utazitafuta.

Mafuta usiulize: injini ya lita 1.3 au 1.5 dhidi ya 2.4, na kwenye foleni ya Mwenge kila ukiondoka unausukuma upya mzigo wote ule. Breki na tairi nazo zinaulipia.

Mvua zikianza, Harrier inacheka. Imenyanyuka, inavuka madimbwi ya mtaani ambako IST inakwangua tumbo. (Jangwani pakifurika, msijaribu wote wawili.)

Mimi naenda kazini peke yangu. Nabaki na IST.