Nilipeleka maji ya kisima changu maabara: huduma ilivyokuwa

Ukichimba kisima upande huu wa mlima Meru, watu hawakuulizi umefika mita ngapi. Wanauliza floraidi. Miamba ya volkano ndiyo inayotia madini hayo kwenye maji, na meno ya kahawia ya watu wa Arumeru yanatosha kuwa ushahidi. Kwa hiyo kisima cha nyumbani kilipokamilika, kabla wapangaji hawajaanza kuchota, niliamua kupeleka sampuli maabara mjini.

Nilikuwa nimeshapewa majibu ya bure, tena na muuza machujio. Alichomeka kile kikalamu cha TDS kwenye glasi, kikasoma namba ndogo, akasema maji ni mazuri ila nichukue chujio niwe na amani. Kikalamu kile kinakadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa kuangalia umeme unavyopita kwenye maji. Hakijui ipi ni floraidi, na bakteria hakiwaoni kabisa.

Nilianza kwa simu, na hapo ndipo maabara ile ilinivutia zaidi. Dada wa mapokezi hakukimbilia bei. Aliuliza, "Mama, maji ni ya kunywa, ya mifugo au ya kumwagilia?" kwa sababu vipimo vinatofautiana. Akaniambia nisijaze chupa yangu yoyote, nipite kwanza nichukue zao.

Nikapewa chupa tatu, na kijana wa maabara akanieleza kila moja bila haraka. Ya plastiki, ya lita moja, ni ya kemia: isuuze kwa maji yale yale ya kisima, halafu ijaze mpaka juu. Floraidi haiwekwi kwenye chupa ya kioo kwa sababu inashikana na kioo na kuharibu kipimo. Ya pili, ndogo, ina matone ya asidi ya naitriki ya kuzuia madini kama chuma yasigande kwenye kuta za chupa, hivyo haisuuzwi. Ya tatu ya bakteria imeshachemshwa kwenye mtungi wa mvuke na kifuniko kimefungwa karatasi ya foili: usiisuuze, usiguse mdomo wake, na usiijaze pomoni, maana lazima waitikise kabla ya kupima.

Siku ya kuchota, fundi pampu aliachia maji yatoke kwa muda mrefu mpaka yale yaliyolala kwenye bomba yakaisha. Tulichota kwenye bomba linalotoka kisimani, si kwenye tangi. Ukichota kwenye tangi unapima tangi. Mdomo wa bomba ulifutwa kwa spiriti, ukapitishiwa moto wa kiberiti cha gesi, maji yakaachiwa tena kidogo, ndipo chupa ikafunguliwa. Safari ikawa ndani ya deli lenye barafu. Sampuli ya bakteria inatakiwa ifike ndani ya saa 6, ikishindikana kabisa isizidi 24. Kutoka Usa River si kazi, ila ndugu zangu wa Longido na Karatu wapange safari yao mapema.

Mapokezi ndipo nilipoanza kukunja uso. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja aliyetoka mbali na maji yake kwenye chupa ya soda. Wakamkatalia kipimo cha bakteria, na kwa kweli walikuwa sahihi, kwani chupa ile ingetoa majibu ya chupa. Lakini masharti haya hayajabandikwa popote, hata mlangoni. Asiyepiga simu anayajua akiwa ameshalipa nauli. Bango moja tu lingemwokoa yule baba.

Fomu ilikuwa nzuri: kijiji, aina ya chanzo, saa ya kuchota, jina la aliyechota. Kisha chupa zikabandikwa namba, na mpimaji huko ndani anaona namba tu. Malipo ni kwa kontro namba, na mtandao ulikuwa umelala, lakini walipokea sampuli na kuziweka kwenye friji wakati tunasubiri. Nawapa heko kwa hilo. Bei yote haikufika gharama ya kuchimba mita mbili.

Kwenye kuchagua vipimo, msikubali kuchaguliwa kila kitu. Mimi nilichukua floraidi, naitreti (vyoo vya shimo vya majirani haviko mbali), E. coli (bakteria wa kinyesi), pH (ukali wa asidi), ukungu wa maji, chuma na manganizi. Nilipouliza arseniki walisema wazi kwamba mashine hawana na wangepeleka sampuli kwingine.

Kabla ya majibu kutoka, yule kijana alinipigia. Kipimo chao cha rangi kinasoma floraidi mpaka miligramu 2 kwa lita, na maji yangu yalivuka hapo, kwa hiyo wameyazimua kwa maji yasiyo na madini na kupima upya. Angeweza kuandika "zaidi ya 2" akaendelea na yake. Jibu likawa 3.7. E. coli hakuna, naitreti chini kabisa.

Jirani akanifariji eti 3.7 si mbaya, serikali inaruhusu 4. Iliruhusu, zamani. Kiwango cha Tanzania sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani.

Cheti chenyewe kina muhuri na viwango pembeni ya kila namba, ila ni Kiingereza kitupu na vifupisho, bila sentensi moja ya kukuambia ufanye nini. Maelezo niliyapata kwa kumuuliza yule kijana: kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapa hapa Arumeru kimeufanyia kazi miaka mingi, au mitambo ya kuchuja kwa msukumo mkubwa. Akaongeza kwamba magadi ya kwenye makande nayo yana floraidi. Hilo mama mkwe hatalipenda.

Nikafanya ujanja mmoja. Jirani analo chujio la aina ile ile niliyokuwa nauziwa, la mkaa wa kawaida. Nikapitisha maji yangu humo, nikayapeleka bila kusema ni nini, nikalipia floraidi peke yake. Yakasoma 3.5.

Nawapa nyota nne. Ile moja nimeiondoa kwa bango lisilokuwepo na cheti kisichosomeka. Mtakaokwenda, sampuli ya bakteria ipelekeni kati ya Jumatatu na Jumatano, kwa sababu inakaa kwenye joto saa 24 hadi 48 kabla ya kusomwa na wikiendi hakuna wa kuisoma. Maji ya kunywa kwangu kwa sasa ni ya mvua, kisima ni cha kufulia na kuogea, na masika yakiisha napeleka sampuli nyingine.